IST mbili, ukungu mmoja

Shikamoo Fundi,

Mimi ni muuguzi, naishi Uyole hapa Mbeya. Mama yangu yuko Tukuyu, na tangu mwaka jana miguu yake haimbebi vizuri. Kwa hiyo kila Ijumaa nikitoka kazini jioni nakwenda kumwona, na Jumatatu alfajiri narudi niwahi zamu. Nimekuwa nikipanda Kosta, mara nyingine naazima gari la shemeji. Sasa nimejikusanya, akiba kidogo na mkopo wa kikoba, nina milioni 12. Nataka gari langu mwenyewe.

Nimeona Toyota IST mbili, zote za mwaka 2004, zote namba D.

Ya kwanza iko Igawilo kwa mwalimu mstaafu, anataka milioni 10. Imetembea kilomita 143,000. Ina mikwaruzo, viti vimechakaa, na taa za mbele zote mbili zimekuwa za njano kama macho ya mgonjwa wa ini. Niliijaribu usiku, ukiweka dimu, ule mwanga wa chini, ni kama umewasha mshumaa.

Ya pili iko kwa dalali Mwanjelwa, milioni 12, anasema maongezi yapo. Inang'aa hasa! Kilomita 68,000 tu. Imefungwa taa za LED, ukiwasha zinatoa weupe wa kibluu na ukuta wa jirani unakuwa mchana. Kioo cha taa ya kulia ni safi kama kipya, cha kushoto kimefifia kidogo. Dalali anasema alianza kusafisha cha kulia, hajamaliza. Mlangoni upande wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani. Sijui kinasema nini, lakini nilikipiga picha: 26, 3, 18, halafu chini 91,300. Nilipouliza nikaambiwa ni namba za kiwandani.

Moyo wangu uko kwa hiyo ya pili, na sababu ni taa. Ijumaa moja mwezi wa nne nilikuwa na gari la shemeji, nikafika Isongole ukungu umelala barabarani. Nikawasha fulu, ule mwanga wa juu, nikaona ukuta mweupe. Mbele yangu likatokea lori lenye taa nyeupe kali, nikapofuka kabisa, tairi za kushoto zikaingia mtaroni. Sikuumia, ila tangu siku hiyo nikifika pale mikono inatoka jasho.

Shemeji anasema nichukue ya mwalimu kisha nifunge balbu za wati 100, na pea ameshaninunulia. Vijana wa mtaani wanasema dunia ya sasa ni LED. Nichukue gari lipi, na niweke taa zipi? Kila ninapouliza naambiwa "dada, usijali".

Muuguzi, Uyole

*

Marahaba, nesi wetu, na pole kwa mtaro wa Isongole.

Nianze na kile kibandiko, maana ndicho kilichonifanya niisome barua yako mara mbili. Hizo si namba za kiwandani. Japani, gari likibadilishiwa oili, fundi hubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, akiandika tarehe na kilomita za siku hiyo. Tarehe huandika kwanza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na mwaka mara nyingi si huu wetu, ni mwaka wa utawala wa mfalme wao. Enzi iliyoitwa Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo unachukua namba unajumlisha 1988. Yako ni 26. Ukijumlisha unapata 2014. Yaani tarehe 18 Machi 2014 gari hilo lilikuwa limeshatembea kilomita 91,300, na leo liko Mwanjelwa linasoma 68,000.

Gari halirudi ujanani, nesi. Mita imerudishwa nyuma, na aliyeirudisha hakuwa na habari na kikaratasi cha mlangoni kwa sababu hasomi Kijapani. Simwiti dalali mwizi, huenda na yeye aliuziwa hivyohivyo. Lakini kilomita za kweli za gari hilo hazijulikani tena, na wewe unaombwa milioni 2 zaidi kwa ajili ya hizo za uongo.

Sasa zile taa zake. Kioo cha kulia kipya, cha kushoto kimefifia. Inawezekana ni kweli alisafisha kimoja, ila mimi katika miaka yangu ya gereji sijamwona dalali anayesafisha taa moja akaenda kula. Mara nyingi taa moja mpya maana yake pembe hiyo iligongwa. Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila fundi. Inama usome maandishi madogo yaliyochongwa kwenye vioo vya taa: jina la mtengenezaji, kwa Toyota nyingi utakuta Koito, na namba pembeni yake. Kulia na kushoto namba ifanane. Ikitofautiana, au upande mmoja hauna namba kabisa, taa hiyo imebadilishwa. Hapo fungua boneti, tazama boliti zinazoshika bawa la tairi upande huo. Rangi ikiwa imechubuka kwenye vichwa vya boliti, ujue spana imepita. Vuta na mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambulisho chenye mwaka uliotengenezwa; mkanda wa mwaka tofauti sana na gari una hadithi yake.

Ndiyo maana ule unjano wa gari la mwalimu umenipendeza. Taa mbili zilizozeeka pamoja, kwa kiasi kilekile, ni dalili nzuri kwamba mbele ya gari hilo haijaguswa. Na unjano si ugonjwa wa ndani. Kile kioo kwa kweli ni plastiki, kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kukikinga na jua. Jua la miaka 20 limekula hiyo ngozi, basi. Marekani, chama cha madereva cha AAA kilipima taa za namna hii mwaka 2018 kikakuta zinatoa karibu moja ya tano tu ya mwanga wa taa mpya. Kwa hiyo mshumaa uliouona Igawilo haukuwa balbu dhaifu. Ni balbu nzima inayomulika kupitia pazia.

Pazia linatolewa kwa msasa wa maji. Unaanza na namba 800 au 1000 kutegemea ugumu wa ule unjano, unapanda 1500, 2000, mpaka 3000 ukiupata, kioo kikiwa kinalowana muda wote. Kisha polishi. Usiogope katikati ya kazi kioo kikiwa cheupe kama kimemwagiwa maziwa, ndivyo kinavyopita. Kitu ambacho vijana wengi hawafanyi ni cha mwisho: kupaka vanishi inayozuia jua. Bila hiyo, baada ya miezi michache unjano umerudi. Dawa ya meno nayo inang'arisha, sikatai, ila kwa harusi ya Jumamosi tu.

Nije kwenye balbu za shemeji, na hapa naomba umsomee taratibu kwa sababu nia yake ni njema. IST nyingi za umri huo hutumia balbu ya H4, yenye nyuzi mbili ndani: wati 60 za fulu na wati 55 za dimu. Wati 60 kwenye umeme wa volti 12 ni ampea 5. Wati 100 ni ampea zaidi ya 8. Waya wa kwenye taa, soketi, swichi ya usukani, vyote vilipangwa kwa zile 5. Mwaka mmoja nilifunga za 100 kwenye Carina yangu, nikatamba nazo wiki tatu. Wiki ya nne nikaanza kusikia harufu ya plastiki. Nilipochomoa soketi ilikuja na nusu ya plagi, imeyeyuka kama ubani, na kile kibakuli cha ndani kinachorudisha mwanga kilikuwa kimepata doa la kahawia lisilofutika. Nilinunua taa nzima. Hakuna wa kumlaumu, nilijifunga mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo siri ya taa za magari ya zamani. Balbu hizi za kawaida huathirika sana na upungufu wa umeme: volti zikipungua kwa 10%, mwanga unapungua kwa karibu 30%. Gari la miaka 20 lina kutu kwenye ethi (pale waya wa kurudishia umeme unaposhikana na bodi), soketi zimelegea, umeme unafia njiani. Mwambie fundi achukue mita, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, apime kwenye betri, kisha apime kwenye soketi nyuma ya balbu. Betri ikisoma 14 na soketi ikasoma 12.4, umeshapoteza theluthi ya mwanga wako, na ukifunga wati 100 hapo upotevu unaongezeka kwa sababu unavuta ampea nyingi zaidi kwenye waya uleule mgonjwa. Dawa ni kusugua ethi, kubadili soketi, na ikibidi kufunga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ili umeme utoke betri moja kwa moja mpaka taa, na fyuzi yake. Hiyo kazi haionekani, haing'ai, ndiyo maana hakuna anayekusifia ukiifanya. Lakini ni hapo mwanga wako ulipo.

Kwa LED sitaki nionekane mzee anayechukia vitu vipya. Gari lililotoka kiwandani na LED lina taa nzuri ajabu. Shida ni LED iliyopachikwa kwenye nyumba ya H4. Chomoa balbu ya H4 uitazame kwa karibu: chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Hicho kikombe ndicho kinachokata mwanga usipande juu, na kile kibakuli cha ndani kimechongwa kwa kufuata uzi ukae palepale, usizidi wala kupungua milimita. Ukiweka vipande vya LED mahali pengine, mwanga unakuwa mwingi lakini unatapakaa. Ukutani unapendeza. Barabarani unamulika miti, macho ya wenzio na mita chache mbele ya bampa, huku kule mbali kukiwa giza. Wajerumani, wakali kwa mambo haya, walisubiri mpaka mwaka 2020 kuruhusu balbu ya kwanza ya LED ya kubadilishia, tena kwa magari yaliyoorodheshwa tu, si kila linalopita. Sijui lile lori lilifungwa nini, ila ule upofu wako wa Isongole ndio huohuo ambao wewe ungekuwa unawapa wengine kila Ijumaa.

Na ule weupe wa kibluu usikuhadae. Balbu ya kawaida ina rangi ya joto, kama kelvini 3,200; hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda rangi inaelekea bluu. Zile za 6,000 na 8,000 zinaonekana kali kwa sababu jicho linaumia, na jicho kuumia si jicho kuona. Mbaya zaidi ni balbu za kawaida zilizopakwa bluu kwenye kioo, hizo rangi yenyewe inakula sehemu ya mwanga.

Kwa ukungu wetu wa Rungwe wengi wanabishana njano au nyeupe. Njano haichomi macho sana, lakini matone ya ukungu ni makubwa, hayajali rangi. Yanachojali ni mwanga unaingia kwa pembe gani. Fulu inapiga matone yaliyo usawa wa macho yako na kukurudishia yote usoni, ndiyo ule ukuta mweupe uliouona. Dimu iliyoinama vizuri inapita chini. Kama utafunga taa za ukungu, zifungwe chini kwenye bampa, ziinamishwe, zimulike kingo za barabara.

Kuinamisha ndiko kunakosahaulika kabisa, na ni bure. Tafuta ukuta na sehemu tambarare, usiku. Gari liwe mita 10 kutoka ukutani, tairi zina upepo sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini. Tuseme ni sentimita 65. Chora mstari wa chaki ukutani kwenye 55, yaani 10 pungufu. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga ulale kwenye mstari huo, kisha kushoto ukingo huo uinuke kidogo kuelekea kwa watembea kwa miguu. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana taa zao zinatufaa. Gari la nchi zinazoendesha kulia mwa barabara hupandisha mwanga kwa anayekuja. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kurekebishia, inazungushwa kwa bisibisi ya nyota. Taa zikikaa hivyo, mwanga wa dimu unagusa lami mita 65 mbele yako. Ukienda 80 kwa saa, hizo ni sekunde 3. Isongole yenye ukungu nenda 30, wanaopiga honi nyuma wapite.

Kwa hiyo, nesi, nenda Igawilo. Lakini usilipe kesho.

Nenda asubuhi mapema bila kumwambia mwalimu muda, ukute injini ya baridi. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kaa kwenye benchi unywe chai mpaka ipoe. Moshi mweupe wa mwanzo kwa baridi ya Mbeya usikutishe, Juni na Julai hata gari jipya linatoa mvuke. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ni gasketi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua rejeta ikiwa ya baridi; maji ya kahawia maana yake limeishi kwa maji ya bomba. Chomoa kijiti cha oili ya gia, unuse: isinuke kuungua. Lala chini uangalie kutu, maana magari ya kaskazini ya Japani hukanyaga chumvi inayomwagwa kwenye theluji.

Kisha tafuta kile kibati cha chesisi ndani ya boneti. Kikianza na NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni 1.5. Kwa njia yako ningependa 61. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza takriban 1% ya nguvu kila mita 100 za kupanda, hivyo ile 1.3 inafika mlima wa Isongole imeshachoka kabla hujapakia ndizi za mama. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguza bei. Ijaribu hapohapo mlimani, na uirudishe ukishuka kwa gia ndogo usikilize kama breki zinatetemesha usukani.

Karatasi: jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha mwalimu, angalia kwa namba ya gari kama halidaiwi faini za trafiki, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kwa jina lako, si "tutamalizia baadaye".

Milioni 2 zinazobaki ndizo zinarekebisha taa, tairi na breki, na nyingine zinarudi kikoba. Balbu nunua H4 za 60/55 za jina linalojulikana, mbili kwa pamoja. Usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto. Glovu kazini kwenu hazikosekani. Fundi akimaliza hakikisha ule mpira mweusi wa nyuma ya taa umerudi mahali pake, vumbi na unyevu hupitia hapo. Na kabla ya yote futa kioo cha mbele kwa ndani. Utashangaa kitambaa kitakavyotoka cheusi. Huo utando ndio unaotawanya taa za malori usoni kwako.

Zile za wati 100 shemeji azirudishe dukani abadilishiwe. Akikataa, nipe mimi nimwonyeshe soketi ya Carina, bado ninayo kwenye droo. Ukija kuinamisha taa, ukuta upo. Chaki njoo nayo, yangu wajukuu wameimaliza.

Ndaga fijo kwa kuandika.

Fundi